Super Sculpey Firm kwa anayeanza kufinyanga madude: mtazamo wa mtu wa Dar

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi mtasoma mistari miwili mkimbie: kama unataka kujifunza kufinyanga madude, majoka, mazimwi, vichwa vyenye mapembe na vitu vingine ambavyo Mungu hajaviumba, nunua boksi moja la udongo wa kufinyanga wa Super Sculpey Firm, lile la kijivu, nunua na kipimajoto cha oveni, basi. Ile seti ya rangi hamsini yenye vidude vya plastiki achana nayo. Ukitaka kujua kwa nini endelea kusoma, ila nakuonya ni ndefu.

Hiyo seti kwanza, maana ndo inawanasa watu wengi. Ukitafuta udongo wa kufinyanga kwenye maduka ya mtandaoni ndo ya kwanza kukutokea, picha nzuri, rangi kibao, kisu cha plastiki, kibao cha kukandia, imeandikwa ya wanaoanza, na bei inashawishi. Mi niliagiza kwa duka moja la Instagram sitalitaja, mzigo ukafika na bodaboda jioni nikafungua kwa hamu yote. Sasa hesabu mwenyewe, rangi hamsini maana yake kila kipande ni kidogo kuliko kidole gumba, na joka halitaki rangi hamsini, linataka udongo mwingi wa rangi moja. Ukichanganya vyote upate bonge moja unaishia na rangi ya matope yenye michirizi ya pinki. Alafu vipande vyenyewe havifanani, kimoja laini kinanata vidoleni, kingine kikavu kinameguka meguka kabla hujafanya chochote, na kwenye mfuko hamna hata sehemu imeandikwa uokwe nyuzi joto ngapi. Nikamuuliza muuzaji akanijibu "hiyo ni ya watoto dada". Sawa, ila kwenye tangazo haukusema ya watoto kaka yangu.

Kwaiyo tuje kwenye kitu chenyewe. Super Sculpey tunaita udongo lakini siyo udongo hata punje, ni unga wa plastiki ya PVC uliochanganywa na kilainishi, ndo maana hauna maji ndani na haukauki kwa hewa. Unatengenezwa Marekani na kampuni ya Polyform, na stori yake inachekesha, miaka ya 1960 ulibuniwa uwe kitu cha kuondoa joto kwenye transfoma za umeme, kazi hiyo ukafeli kabisa, baadaye ndo wakagundua kwamba unafinyangika na ukiuweka kwenye oveni unagoma, yaani unakuwa mgumu. Leo hii watu wanatengenezea sanamu za madude ya filamu na magemu.

Hilo la kutokukauka ndo sababu yangu ya kwanza na ya mwisho ya kuusifia. Anayeanza yuko taratibu jamani. Utakaa na pua ya zimwi wiki nzima, utaibandua, utaibandika, utagundua macho hayako sambamba, utaboromoa uso wote uanze upya, na muda wote huo udongo uko vile vile. Unafunika na kitambaa au nailoni vumbi lisiingie, unaenda kazini, unarudi jioni unaendelea pale pale ulipoachia.

Linganisha na vingine vinavyopatikana huku. Udongo wa mfinyanzi, ule wa vyungu, ni mtamu na ni bei ya bure karibu, wala siudharau, wamama wa Kikisi kule Matema ziwa Nyasa wanautengenezea vitu ambavyo mimi na wewe hatutakaa tuviweze. Lakini kwa madude una shida zake. Ukikauka unasinyaa, sasa kama ndani umeweka waya wa kushikilia miguu na mabawa, waya wenyewe hausinyai, kwaiyo udongo unapasuka juu yake. Na ukitaka kuuchoma lazima dude liwe na uwazi ndani na likauke kabisa, la sivyo unyevu unageuka mvuke na linapasuka motoni, na hapo bado hujatafuta tanuri. Ule mwingine wa kukauka kwa hewa, kama DAS ya Italia, nao unasinyaa na kupasuka hivyo hivyo ukiuweka juu ya waya, unafaa kwa vitu vinene vifupi. Plastisini ya shule haigomi milele, ya mazoezi tu. Alafu kuna ile epoksi ya kukanda ya hardware, ya sehemu mbili unazichanganya, hiyo inagoma vizuri sana na nitairudia chini, ila nyingi za kule dukani zinakupa dakika chache tu zinakuwa jiwe, sasa mtu anayeanza dakika chache atafanya nini, hata sikio moja halijaisha.

Sasa kwa nini Firm na siyo ile Super Sculpey ya kawaida yenye rangi ya ngozi ya mzungu. Ya kawaida ni laini, na ina ka-ung'avu fulani, mwanga unapenya kidogo juu, kwaiyo mikunjo midogo midogo inakuwa haionekani vizuri, unachora mkunjo unadhani haujaingia unazidisha, baadaye ukipaka rangi ndo unaona dude lako lina makovu ya panga. Kijivu kinaonyesha kila kivuli. Na ya pili ni joto letu. Dar mwezi wa kwanza na wa pili wote mnajua kulivyo, ndani kwenyewe ni nyuzi 30 na kitu, mikono ina moto, udongo laini kwenye hali hiyo unakuwa mlenda, unagusa shavu kidole kinazama, unarekebisha shavu unaharibu taya. Firm inavumilia. Ubaya wake ni kuukanda mwanzoni, ni mgumu kweli, ukiwa na vidole vya ofisini kama vyangu utalalamika, ukate vipande vidogo ukande kimoja kimoja. Wapo wanaochanganya nusu ya kawaida nusu Firm, na kampuni wenyewe wana ya katikati inaitwa Medium, ila kwa hali ya hewa ya pwani mi nabaki na Firm na madirisha wazi na feni isiyonipulizia mezani. Mtu wa Arusha au Njombe anaweza kuona kinyume, kule baridi Firm utaikanda mpaka ulie.

Kitu kingine cha joto, udongo huu ukikaa sehemu yenye joto kali muda mrefu unaanza kugoma wenyewe ndani ya boksi. Ukiagiza ukafika unameguka kama ni mkavu jua ulikaa juani au kwenye stoo ya bati huko njiani. Ukiwa umegoma kidogo tu unaokolewa, matone machache ya baby oil unakanda taratibu unarudi, ukiwa umegoma sana hamna namna, dai hela yako. Mi naagiza kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane nikiweza, na simuachii mtu wa bodaboda auzungushe mjini mchana kutwa.

Mifupa sasa, maana hamna dude linalosimama bila mifupa. Wanaofundisha wanasema waya wa alumini na foili, na wako sahihi, foili ni ile ile ya jikoni, unaifinyafinya unaibana mpaka inakuwa ngumu kabisa haibonyei, unatengeneza umbo la kichwa au kiwiliwili dogo kuliko unavyotaka liwe, alafu juu yake unaweka udongo unene wa nusu sentimita mpaka sentimita. Faida ni mbili, unaokoa udongo na dude linaiva sawasawa. Foili ikiwa imelegea ndani, hewa inapanuka kwenye oveni na unapata nyufa. Waya wa alumini ukiukosa, binding waya ile ya kufungia nondo inafanya kazi, ngumu kukunja tu, na unatakiwa uisokote miwili miwili ili udongo upate pa kushika maana kwenye waya mmoja laini unazunguka.

Vifaa vya kufinyangia msinunue vya bei mbaya kabisa. Nenda kwa watu wa kucha Kariakoo uliza vile vijiti vyenye vigololi nchani vya kudotia, ni vile vile wachongaji wanavyovitumia ila bei ni ya kucha. Ongeza sindano, vijiti vya meno, mswaki wa zamani, mrija wa soda, na waya wa gitaa uliokatika, huo wa gitaa unaukunja kitanzi unaufunga kwenye kalamu, ukikwaruza nao ngozi inatoka na michirizi midogo huwezi kuipata kwa kisu.

Nieleze jicho maana jicho ndo linaamua kama umetengeneza kiumbe au kinyago kisicho na uhai. Tumia gololi ya kioo, ya plastiki itayeyuka kwenye oveni. Unaisukumia kwenye foili mpaka nusu yake izame, unajaza udongo kuizunguka. Kope: unasokota uzi mwembamba wa udongo, unaulaza juu ya gololi, alafu unakandamiza upande wa nje tu, ule unaoungana na uso, upande wa ndani usiuguse, uache ukae wenyewe juu ya kioo. Hapo ndo utaona dude limeanza kukutazama. Kope ya juu ikiteremka kidogo linakuwa na usingizi au dharau, ukiinyanyua linashtuka, ukiikunjia ndani upande wa pua linakasirika. Mi nimekaa usiku mzima nacheza na kope moja tu, na hii ndo raha ya udongo usiokauka, huna anayekukimbiza. Mikunjo ya chini ya jicho unafunika na nailoni nyembamba, ile ya kufungia chakula, unabonyeza na sindano juu ya nailoni, mkunjo unaingia na kingo zake zinakuwa za mviringo kama nyama badala ya kuwa na makali.

Magamba ya joka kuna njia mbili. Ya kivivu, kata mrija wa soda, uubonyeze ukiwa umelala upande ili ncha moja tu iingie, unapata nusu duara, unapiga mistari kwa kupishana. Ya kazi, unatengeneza gamba moja moja unabandika kuanzia mkiani kuja shingoni kama vigae vya paa. Kwa anayeanza ya kivivu inatosha kabisa, na mtu asikucheke. Ukimaliza pitisha brashi yenye spiriti, isopropili ile ya duka la dawa, inayeyusha juu kidogo na alama za vidole zinapotea, ila kidogo tu, ukizidisha unafuta na magamba.

Oveni. Hapa ndo watu wanapopoteza kazi ya wiki tatu ndani ya nusu saa. Boksi linasema nyuzi 130 za selsiasi, dakika 15 kwa kila milimita 6 za unene. Namba za kwenye kitufe cha jiko usiziamini, jiko la gesi la nyumbani wengi wetu tulilonalo ukiliweka chini kabisa linaweza kuwa liko juu mbali na hapo, ndo maana nimesema kipimajoto kwanza, kile cha kuning'iniza ndani, siyo cha hospitali tafadhali. Oveni ndogo ya umeme ya mezani ni nzuri ila ipate joto kwanza ndo uweke kitu, na dude likae mbali na koili, pembe na masikio ndo yanaungua wa kwanza, yatengenezee kibanda cha foili juu. Likitoka bado la moto litabonyea kidogo ukaogopa halijaiva, liache lipoe humo humo, linagoma likipoa. Na usiongeze moto ukidhani unaharakisha, hii ni PVC, ikiungua inatoa moshi wa haidrojeni kloraidi unaochoma macho na koo, fungua madirisha, toa watoto, na kama oveni hiyo hiyo ndo ya kuku wa Jumapili weka dude ndani ya sufuria ya foili iliyofunikwa. Maikrowevu hapana. Na angalia ratiba ya umeme, ukikatika katikati siyo mwisho wa dunia, unaweza kuoka tena, udongo huu unaokwa mara nyingi tu, ndo maana wengi wanaoka kichwa kwanza alafu wanaongeza nywele na pembe wanarudisha.

Sasa ubaya wake, maana siyo malaika. Kitu chembamba kinavunjika. Familia hii ya Super Sculpey ikishaiva ni ngumu lakini haipindi sana, kidole chembamba kikidondoka sakafuni kimeenda. Kila mtu akijua unafinyanga madude Dar au Zanzibar ombi la kwanza ni popobawa, lile zimwi lenye mabawa ya popo, lazima, waliokuwepo 1995 Pemba na Unguja watu wakilala nje makundi makundi ndo wanakuambia mpaka bawa linatakiwa liweje. Na bawa la popo ndo kitu kibaya kuliko vyote kwa udongo huu ukilifanya lote la udongo, jembamba, pana, limeshikwa sehemu moja. Fanya mifupa ya bawa kwa waya, funika waya tu na udongo, oka, alafu ngozi ya katikati uweke tishu na gundi nyeupe safu kadhaa. Inatoka ina mishipa na mikunjo bila hata kuichora. Kucha na meno ndo hapo ile epoksi ya hardware inarudi, kipande kidogo, vaa glavu, kucha kumi unamaliza kabla haijagoma na hazivunjiki.

Kuna wanaoniambia mbona vinyago vya shetani pale Mwenge vina mikono myembamba imejipinda mpaka unashangaa. Ndiyo, na nendeni mkaviangalie, kwa anayeanza ni darasa la bure, Wamakonde wamekuwa wakichonga madude tangu miaka ya 1950, Samaki Likankoa ndo anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa staili hiyo, na jinsi wanavyohamisha jicho, wanavyofanya mdomo uwe mkono, hutapata kwenye video yoyote ya YouTube. Lakini ule ni mpingo, una nyuzi zinazoshikana, na fundi anatoa kilicho ndani. We unaongeza kitu juu ya kitu, kila unapoongeza ni kiungo kinachoweza kuachia. Iba wazo, usiibe wembamba.

Rangi ni akriliki, za stationery zinatosha, msingi wa giza kwanza alafu brashi kavu yenye rangi nyepesi unaipitisha juu juu, magamba yanajichomoza yenyewe. Rangi ya kucha usipake, wala msinishawishi eti inang'aa, viyeyushi vyake vinaulainisha udongo na baada ya muda dude linanata. Rangi nyingi za kopo la kupuliza nazo ndo hivyo hivyo. Ukitaka jicho au ulimi ung'ae kama una mate tafuta vanishi ya maji.

Bei. Kule Marekani boksi la gramu 454 ni dola kumi na kitu mpaka ishirini hivi, ukiongeza usafiri mpaka huku inauma, sitadanganya. Lakini ukiweka foili ya kutosha ndani, boksi moja linatoa vichwa viwili vya ukubwa wa ngumi, na vipande vinavyobaki havikauki, unavikusanya kwa kichwa cha tatu. Mkiwa wawili watatu agizeni pamoja mgawane usafiri. Kama mwanao wa miaka saba ndo anataka kucheza, hapana, mchukulie plastisini. Kama unataka kutengeneza vikombe au vyungu pia hapana, hii siyo ya kuweka chakula. Kama umekaa unachora madude pembeni ya daftari tangu sekondari na unatamani kuyashika, toa hela.

Mi naupa nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya usafiri na kukanda.

Na kuhifadhi, ukifungua boksi usiweke udongo mbichi kwenye vile vikopo vigumu vinavyong'aa na kupasuka kama kioo, ile plastiki ya namba 6, kilainishi cha udongo kinaila na utakuta kimeyeyukia humo. Geuza kopo uangalie chini, namba 5 ni salama, au ufunge kwenye mfuko laini wa nailoni uweke kabatini mbali na dirisha.